Picha Iliyokatwa Kasulu

Kasulu Mjini
4 Machi 2024

Kaka yangu Mwalimu Pasikali,

Assalamu alaykum, au kama mnavyosema nyinyi wa Kitahana, mwakeye. Natumaini mama watoto hajambo na shule haijakumaliza. Sisi huku wazima, ila baba presha inampanda na kushuka. Ramadhani iko mlangoni na hataki hata kidogo kusikia mtu akimwambia asifunge.

Nakuandikia kwa karatasi makusudi. Kwanza, wewe mtandao hauupati mpaka upande kilima cha nyuma ya shule. Pili, afisa anayeshughulikia usajili ametuambia Klabu ya Picha ya Buha haiwezi kuandikishwa mpaka tulete historia yake, tangu siku ya kwanza, iliyoandikwa na kusainiwa. Mimi ndiye katibu, kwa hiyo nataka kila neno liwe na karatasi yake kwenye faili. Barua hii anakuletea Saady, kondakta wa basi la asubuhi. Ukijibu, mpe huyo huyo.

Upande wa Kasulu nimeshaumaliza. Nimeandika kwamba ilikuwa Agosti 2021, ulipoingia dukani kwetu, penye studio, na simu yako unataka kusafishiwa picha kumi na mbili za watoto wa shule. Nikakwambia zote ni giza tupu, ukanuna. Elie, yule Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, alikuwa amesimama pale akingoja nakala ya cheti chake. Akasema, "Mwalimu, mwangaza ilikuwa nyuma ya batoto. Kamera inaona mwangaza, haioni mutoto." Ulimgeukia kama utampiga. Saa mbili baadaye tulikuwa bado tumekaa watatu kwenye benchi la nje, chai imepoa, Elie anachora jua na uso kwenye boksi la karatasi. Hivyo ndivyo klabu ilivyozaliwa. Nimeandika pia jinsi tulivyochanga tukanunua kamera ya mtumba, na kanuni niliyoiandika kwa mkono wangu: hapigwi mtu picha bila ruhusa yake, na aliyepigwa apewe nakala.

Sasa wewe andika ya Kibondo. Hasa zile picha za wazee, Juni mwaka jana. Wazee arobaini na moja, na wengi wao ilikuwa picha ya kwanza maishani. Tukiulizwa tulifanya nini cha maana, tutawaonyesha hiyo.

Nangoja.

Dada yako,
Asmahani Mansuri


Kitahana, Kibondo
15 Machi 2024

Dada Asmahani,

Mwakeye. Ramadhani njema kwako na kwa Mzee Mansuri. Mwambie mwalimu mmoja wa Kitahana anamwombea.

Nilianza kukuandikia historia uliyoomba. Karatasi ya kwanza ilikwenda vizuri. Niliandika kuhusu Bi Akimana, mjane wa marehemu Reverien, kwa sababu ndiye tuliyeanza naye. Tulipofika alikuwa shambani, akatuambia tungoje. Akaingia ndani, akaoga, akatoka na kitambaa kipya cha manjano kichwani. Kabla hajakaa akaniuliza, "Hiyo mashine itaniondolea nini?" Nikamjibu, "Haitakuondolea kitu, mama. Itakupa." Akacheka, akasimama mbele ya migomba yake. Nilipiga mara moja tu. Unaikumbuka ile picha. Wewe mwenyewe ulisema hakuna aliyepiga nyingine kama ile.

Hapo nikaacha kuandika, kwa sababu wiki hiyo hiyo yametokea mambo.

Unamjua Ildefonsi, mwenzetu wa Kibondo mjini, aliyetuongoza sisi wa huku nyumba kwa nyumba siku zile. Ni mtoto wa kaka yake marehemu Reverien, ndiyo maana wazee walitufungulia milango. Jumatatu amekuja na vibarua wawili na ng'ombe wa kulimia, akaanza kulima shamba la Bi Akimana, akidai ni lake lote, kuanzia barabarani hadi mtoni. Mama alipopiga kelele, akatoa mkataba wa mauziano. Mkataba unasema Bi Akimana alimuuzia shamba tarehe tisa Novemba 2020. Una dole gumba. Una shahidi mmoja, Kipriani, aliyefariki mwaka juzi. Na una picha ya Bi Akimana, ndogo, ya paspoti.

Dada, mama huyu hajawahi kupigwa picha nyingine zaidi ya ile yetu. Watu wote hapa wanajua hilo, maana walikuja kuitazama. Sasa wanasema, "Kama hakuuza, picha yake ilifikaje kwenye karatasi?"

Ildefonsi yumo kwenye kundi letu la simu, kwa hiyo usiandike neno huko. Niambie tu: kuna mtu aliyekuja kwako kuchukua picha ile?

Kaka yako,
Mwl. Pasikali


Kasulu Mjini
2 Aprili 2024

Kaka Pasikali,

Nisamehe kuchelewa. Kufunga kwenyewe, na dukani wateja ni wa daftari na peni tangu asubuhi, na jioni lazima nipike futari maana baba hataki iliyopikwa na mtu mwingine. Muhogo umepanda bei, nazi ndiyo usiseme.

Habari ya Bi Akimana imenisikitisha sana. Lakini tusiharakishe kaka. Studio hapa Kasulu ni nyingi, na Kibondo pia zipo. Siku hizi mtu yeyote mwenye simu anaweza kuipiga picha iliyotundikwa ukutani akaikata atakavyo. Mama alipewa nakala kubwa, sivyo? Huenda ilitoka hapo hapo nyumbani kwake. Na mimi sikutaka kulisema hili, lakini kamera ilikaa kwako wiki tatu baada ya kazi ile, na memori kadi ndani yake. Una uhakika hukumwazima mtu?

Mambo ya shamba ni ya ukoo. Sisi ni watu wa picha. Nadhani kwenye historia tuiache kwanza hiyo sehemu ya wazee, tuandike habari za maonyesho ya shuleni na safari ya maporomoko. Afisa hatajua tofauti.

Ramadhani imebaki siku chache. Mwombee baba.

Asmahani


Kitahana
19 Aprili 2024

Dada,

Eid imepita, natumaini mlikula salama.

Uliniuliza kama nilimwazima mtu. Nimekaa na swali hilo siku tano ndipo nikaamua kulijibu. Sikumwazima mtu. Na nakala kubwa haipo nyumbani kwa mama, Ildefonsi aliichukua mwezi wa kumi na mbili akisema anakwenda kuiwekea fremu. Hakuirudisha.

Jana tumekaa baraza la kata kwa usuluhishi. Nikaomba niushike ule mkataba. Picha ni yetu, Asmahani. Kichwa kimeinama kidogo kushoto, vile vile. Kivuli cha jani la mgomba kimekatiza shavu. Kile kitambaa cha manjano kipo, na mama anasema alikinunua kwa ajili ya kipaimara cha mjukuu wake, Mei mwaka jana. Migomba imeondolewa, nyuma pamewekwa buluu. Aliyeifanya kazi ile ana mkono mzuri, kwenye nywele zinazochungulia chini ya kitambaa hakuacha hata alama.

Nikasimama, nikawaambia wazee wa baraza, "Picha hii nimeipiga mimi, Juni mwaka jana. Inawezekanaje ikawa kwenye mkataba wa 2020?" Ildefonsi hakusita. Akasema, "Mwalimu anasema uongo. Picha hiyo mama alipigwa Kibondo mjini siku tuliyouziana. Mwalimu aonyeshe yake." Wakanitazama wote. Sina ya kuonyesha. Kadi niliifuta mwezi wa saba mwaka jana nikapiga darasa la nne, kwa sababu picha zote nilikuwa nimezihamishia kwako.

Zipo kwenye kompyuta yako. Nitumie ile nzima, yenye migomba, pamoja na tarehe yake. Saady aniletee kwenye flashi. Hiyo moja tu itamaliza maneno.

Pasikali


Kasulu Mjini
6 Mei 2024

Kaka,

Pole sana na yaliyokukuta barazani.

Kompyuta imeingiliwa na virusi tangu mwezi wa tatu. Fundi ameisafisha, kila kitu kimepotea, za klabu na za wateja. Nimejaribu kwa watu wawili, wamesema hazirudi.

Sina la kuongeza. Baba hajambo kidogo.

Asmahani


Kitahana
24 Mei 2024

Dada Asmahani,

Nimepokea barua yako. Basi.

Usuluhishi umeshindikana. Wametupa karatasi ya kwenda baraza la ardhi la wilaya, na kesi itasikilizwa kuanzia mwezi wa nane. Shamba limezuiwa, haruhusiwi mtu kuingia mpaka hukumu. Maharage ya mama yalikuwa yamekomaa. Yamepasukia shambani, ndege wanakula.

Umenizoea mimi ni mtu wa kuandika sana, lakini leo nitakueleza jambo moja tu. Jumapili Bi Akimana alikuja kwangu. Mke wangu akamkaribisha ndani, akakataa. Akaletewa kigoda, akakaa uani, fimbo kati ya magoti. Nikapiga magoti kumsalimia, hakupiga makofi kuitikia kama ilivyo desturi. Akasema, "Mwanangu, nilikuuliza. Nilikuuliza kabla sijakaa." Nikamwambia, "Mama, si mimi." Akasema, "Nani basi? Mashine ilikuwa mkononi mwa nani?" Kisha akanyanyuka akaenda zake. Ni mwendo wa saa nzima, kuja na kurudi ni saa mbili, na alikuja kusema hayo tu.

Kijijini wanasema mwalimu alizunguka akiwapiga picha wazee ili mashamba yao yachukuliwe. Wazee arobaini wengine wanaangalia picha zao ukutani na kujiuliza. Wanane wamezirudisha shuleni, zimerundikwa juu ya meza yangu zikitazama chini.

Kamera nimeifunga kwenye sanduku. Historia ya klabu siwezi kuiandika. Msalimie Mzee Mansuri.

Pasikali


Kasulu Mjini
20 Juni 2024

Kaka Pasikali,

Hii nimeiandika mara nne na kuichana. Hii ya tano nimempa Saady bila kuisoma tena, ili nisipate nafasi ya kuichana.

Ni mimi niliyeikata.

Ildefonsi alikuja dukani mwezi wa kwanza, siku ya gulio, watu wamejaa. Akasema, "Dada Asma, mama yangu mdogo, Bi Akimana, anataka kadi ya matibabu ya bure ya wazee, wanataka paspoti nne. Hawezi kupanda basi, magoti yanamsumbua. Mwalimu amesema umtolee kwenye ile ya klabu." Ningekupigia simu kukuuliza. Ningeiangalia ile kanuni yangu, imebandikwa ukutani juu ya kompyuta, hata shingo sikuhitaji kuigeuza. Sikufanya lolote. Nilifurahi kwamba picha yetu itamsaidia mama kutibiwa. Nikaikata, nikaondoa migomba, nikaweka buluu. Nilijitahidi sana penye nywele, wewe mwenyewe umeona. Alilipa bei ya kawaida, akashukuru, akaondoka.

Hapo kosa langu lilikuwa haraka. Lililofuata halikuwa haraka.

Barua yako ya mwezi wa tatu niliisoma nimesimama kaunta. Nilielewa palepale. Na nilichofikiria kwanza hakikuwa Bi Akimana, wala wewe. Nilimfikiria baba. Hukuwepo wakati ule, hujui. Miaka sita iliyopita mtu alileta picha ya cheti ibadilishwe jina, kijana aliyekuwa akitusaidia akaibadilisha, na aliyechukuliwa ni baba. Alikaa mahabusu siku tatu. Alipotoka alikuwa mtu mwingine, presha yake ilianzia kule. Waliomwachia walimwambia, "Mzee, tukisikia tena picha ya kughushi imetoka kwenye duka hili, usije kujitetea." Kwa hiyo nilifunga mlango wa duka mchana kweupe, nikafuta picha zote za wazee. Zote arobaini na moja. Hakukuwa na virusi. Hakukuwa na fundi.

Kisha nikakuandikia habari za nazi na futari, na nikakuuliza wewe kama ulimwazima mtu kadi. Ule mstari naujua kwa moyo. Nikiswali unanijia.

Barua yako ya mwezi uliopita niliificha chini ya droo. Baba akaiona akitafuta miwani. Alinisomea yeye kwa sauti, pale penye kigoda na fimbo. Nilidhani ataanguka. Aliuliza swali moja: "Umri wake yule mama ni sawa na wangu?" Nikasema amemzidi. Baada ya Alasiri akaniambia, "Mimi nilikaa kule siku tatu kwa kosa la mtu mwingine. Huyu mwalimu ni mwezi wa ngapi sasa?"

Picha sina. Nitakuja na mdomo wangu. Ila lipo jambo ambalo Ildefonsi halijui. Kila picha inayotoka dukani kwetu tunaipiga muhuri nyuma, jina la studio na namba ya simu. Mkono wangu unafanya hivyo wenyewe, hata sifikirii. Namba iliyopo sasa tuliipata Januari 2023, baba alipopoteza laini ya zamani, tukachonga muhuri mpya. Yeye ameibandika picha kwa gundi na hajaitazama mgongo wake. Picha ya mwaka 2020 haiwezi kuwa na muhuri huo. Waombe baraza waibandue.

Siombi unisamehe kwenye barua hii. Niambie tu tarehe.

Asmahani


Kitahana
28 Juni 2024

Asmahani,

Tarehe ni 12 Septemba, saa tatu asubuhi, Kibondo mjini. Wakili wa msaada wa kisheria amekuandika shahidi wa tatu. Muhuri huo usimtajie mtu yeyote kabla ya siku hiyo.

Mimi nitatoa ushahidi wangu mwezi wa nane. Tarehe 12 sitakuwepo, darasa la saba wana mtihani wa taifa na mimi ni msimamizi.

Kuna mambo sikukuandikia mwezi wa tano kwa sababu nilidhani una huzuni yako ya kompyuta. Walivunja dirisha la nyumba yangu. Kanisani nimeondolewa kuongoza kwaya. Mwanangu wa kwanza alirudi kutoka shule amechaniwa shati, na hakutaka kusema kwa nini.

Ulijua tangu mwezi wa tatu.

Pasikali


Kasulu Mjini
14 Septemba 2024

Kwa Mwalimu Pasikali,

Najua wakili atakueleza. Hata hivyo nakuandikia, kwa sababu yeye atakueleza ya kesi tu.

Tulifika na baba. Nilimkataza, akasema nikimwacha atapanda basi linalofuata. Tulikaa kwenye benchi la korido, na mbele yetu, benchi la pili, alikaa Bi Akimana. Hakunijua. Mimi nilimjua kabla hajageuka, kwa jinsi kichwa chake kinavyoinama kushoto. Nimeutazama uso ule kwa karibu kuliko mtu yeyote, nywele moja moja, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona. Alimwona baba anahema kwa shida, akamsogezea chupa yake ya maji. Baba akanywa.

Nilipoitwa nilieleza yote, kuanzia siku ya gulio. Nilipofika penye kufuta picha, mtetezi wa Ildefonsi akasimama.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyetengeneza picha hii?"

"Ndiyo."

"Na ndiye uliyefuta ushahidi?"

"Ndiyo."

"Na ukamwandikia rafiki yako kwamba ni virusi?"

"Ndiyo."

"Baraza likuamini leo kwa nini?"

Watu walicheka. Nikasema, "Lisiniamini. Ibandueni picha mtazame nyuma."

Mwenyekiti wa baraza akamtazama Ildefonsi. Ildefonsi akasema karatasi itaharibika, ni mali yake. Mwenyekiti akaagiza maji ya uvuguvugu na pamba. Karani alikaa na ile kazi karibu robo saa, anapapasa polepole. Picha ilipoachia kona moja, nilimwona Ildefonsi akitazama mlango. Muhuri ulikuwepo. Wino umetawanyika kidogo kwa gundi, lakini namba inasomeka, tarakimu ya kwanza mpaka ya mwisho. Baba akaitwa. Akatoa karatasi ya kampuni ya simu inayoonyesha siku laini iliposajiliwa, na picha tatu za zamani zenye muhuri wa zamani. 

Bi Akimana alikuwa anatafsiriwa kwa Kiha na mwanamke aliyekaa naye. Niliona neno lilipomfikia. Aligeuka akanitazama. Nilitaka niseme kitu, mwenyekiti akaniambia nishuke.

Hukumu watasoma tarehe 4 Oktoba. Baraza limesema habari zangu na za Ildefonsi zitapelekwa polisi, na leo asubuhi nimekwenda kituoni kuandika maelezo. Niliingia saa mbili, nikatoka saa tisa, wameniambia niripoti kila Jumatatu. Baba amefunga studio mwenyewe, ameacha duka la madaftari tu. Alisema, "Tupumzike kidogo na nyuso za watu." Wanachama wa Kasulu walikaa Ijumaa, wamenivua ukatibu. Wengine walilia, lakini walinyoosha mikono wote. Faili nimemkabidhi Elie. Alinisindikiza hadi mlangoni, akasema, "Dada, mimi banaweza nichukulia picha yangu wakaweka kwa karatasi yoyote, niko mukimbizi, nani ataniamini? Ulifikiria watu kama siye?" Sikuwa nimewafikiria.

Mwanao hajambo? Yule aliyechaniwa shati. Sijui hata kama nina haki ya kuuliza.

Asmahani


Kitahana
20 Oktoba 2024

Kwa binti Asmahani wa Kasulu,

Mimi ni Akimana. Sikusoma. Anayeandika ni Mwalimu Pasikali, nimemwambia aandike ninavyosema asiongeze chake.

Mwakeye.

Walisoma hukumu. Ile karatasi wameikataa, shamba ni langu. Ildefonsi hakuja siku ile, wanasema ameonekana upande wa Nyakanazi. Ni mtoto wa shemeji yangu, nilimpa uji akiwa hajaota meno. Nikiwa peke yangu namtukana, nikichoka namlilia. Hayo ni yangu, hayakuhusu.

Yako ni haya. Wanakijiji walimwita mwalimu mchawi na mwizi, na mimi niliwafuata. Nilikwenda mpaka uani kwake nikamwambia maneno. Nimekwenda tena kumwomba radhi. Nimekaa ndani, nimekula kwake. Kanisani wamemrudishia watoto wake wa kuimba.

Mwalimu anaandika huku amekunja uso. Nimemuuliza kama amekusamehe, amesema tuendelee na barua. Kwa hiyo yake sijui, utamuuliza mwenyewe. Mimi nitasema yangu.

Nilikuona siku ile. Ulikuwa mwembamba, unajifuta mikono kwenye gauni. Walipocheka nilidhani utakimbia, hukukimbia. Lakini maharage yangu yalipasuka yote. Msimu mzima nimekula kwa majirani, mimi, ambaye tangu niolewe sijawahi kupeleka bakuli mlango wa mtu. Ulikuwa unajua, ukakaa. Sasa watu wananiambia, mama, amesema ukweli, yamekwisha. Hayajaisha. Nani kawaambia yamekwisha?

Baba yako mpe pole ya ugonjwa. Ni mtu mzuri, ana adabu.

Mvua zimeanza. Shamba limekaa miezi saba bila mtu, majani yamefika kiunoni, na mimi magoti hayaniruhusu kulima peke yangu kutoka barabarani mpaka mtoni. Vijana wa hapa wanataka kulipwa. Wewe sitakulipa. Njoo wiki ijayo kabla mbegu hazijachelewa. Utalala kwangu. Tutalima, na usiniongeleshe sana siku za mwanzo. Tukifika mtoni nitajua moyo wangu unasemaje.

Mwalimu hapa ameacha kuandika. Nimemwambia aandike.

Njoo na jembe lako. Hapa lipo moja tu, na hilo ni langu.

Akimana, mke wa Reverien
(dole gumba)